Kilimia Hakipo Mwezi wa Tano

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Basi halikuharibika njiani kama ulivyolitabiria, na vitu vyangu vyote vimefika isipokuwa kitana. Mwambie mkaza mjomba asihangaike kukitafuta, nimeshanunua kingine. Shule imefunguliwa, nina madarasa manne ya jiografia na chaki za kutosha madarasa mawili. Chumba nimekikuta na vumbi tu. Tangu mama afariki, nikirudi safari hakuna wa kuniuliza nimefikaje, kwa hiyo nakuandikia wewe, kama yeye alivyokuwa akikuandikia kila mwezi. Najua kwenye simu huwa unasema "haya, haya" halafu unakata.

Sasa tuje kwenye kazi niliyokuachia. Kwenye simu yako nimekuwekea programu ya nyota. Ukiielekeza juu inakuonyesha majina ya kila kinachowaka pale. Kwanza kaa uani dakika ishirini bila taa yoyote, maana macho hayazoei giza papo hapo. Washa ile rangi nyekundu ya kioo, kwa sababu mwanga mweupe utakurudisha mwanzo. Mshale ukipotea, chora nane hewani kwa simu na utakaa sawa. Taa ya jirani ikikusumbua, chungulia kwa lile bomba la karatasi nililokutengenezea. Na nyota ikiwa hafifu usiikodolee, angalia pembeni yake kidogo, itajitokeza yenyewe. Hiyo njia haijawahi kuniangusha darasani, ingawa mimi mwenyewe huifundisha zaidi kuliko ninavyoifanya.

Programu nimeifunga kwenye jioni ile ya tarehe 28 Januari tuliyokaa uani, saa mbili usiku, ili ujifunze ramani bila ramani kukukimbia. Ukishazoea, bonyeza "sasa" chini kulia, nayo itafuata anga la siku hiyo. Kila Jumamosi saa mbili tutazame Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, mimi huku na wewe huko, na uniandikie umehesabu nyota ngapi.

Kuna jambo moja linanisumbua, na nikilinyamazia halitaondoka. Siku tano nilizokaa kwako, kila jioni ulikuwa ukinishika mkono tukitoka, ukisema unaogopa nitapotea. Nilicheka. Lakini jioni ya mwisho nilisahau shuka uani, nikarudi kulichukua, nikakuta uko peke yako unatembea na kiganja ukutani, hatua kwa hatua, kama mtu aliye kwenye nyumba asiyoijua. Uliponisikia ukasema unapima joto la ukuta. Mjomba, ulikuwa unapima nini?

Ni mimi mpwa wako, mwenye maswali.

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako amekiona kitana chako chini ya kabati na amekataa kukirudisha, anasema ni kizuri kuliko vyake. Sisi wazima. Paka amezaa tena bila kutushauri. Ngazi zote nimezipaka chokaa upya ukingoni, ile ya zamani ilishafifia.

Kazini hakujaharibika kitu. Basi la kiwanda cha chupa ni lile lile na abiria ni wale wale thelathini na wawili: nawapeleka zamu ya usiku saa kumi na mbili na nusu jioni, nawarudisha alfajiri. Miaka ishirini na sita, na sijamkwaruza hata kuku. Kiti cha mbele anakaa mama mmoja mkaguzi wa chupa, tunamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi. Kila kilichoko barabarani lazima akitaje: "baiskeli kushoto, mzee," "kuna mkokoteni mbele," "hao wanavuka." Wenzake wanamcheka. Mimi nimemzoea, siku akichelewa namsubiri hata dakika kumi na wananinung'unikia.

Kilimia nimekiona. Nyota saba, safi kabisa, na mwezi wa nusu na kidogo umekaa kushoto kwake.

Kuhusu ukuta, ule ni ukuta wangu na niliujenga kwa mikono yangu. Nikiushika nimemkosea nani? Fundisha watoto wa watu, uache kunichunguza.

Mjomba wako.

2 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani. Mwambie mkaza mjomba kitana ni chake, lakini aniombe radhi.

Chama chetu cha nyota kimeanza. Wanafunzi kumi na moja, kila Jumamosi juu ya paa la shule, simu tatu kwa wote. Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti kwamba hakuna atakayeanguka. Kwa hiyo nilipaka chokaa kingo za ngazi zote za kupandia. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini, wakati taa ipo. Nikabaki nimeshika brashi. Nikamjibu tu kwamba kwetu hupakwa. Kwako hupakwa, kwa mama kulipakwa nilipokuwa mdogo, na chumbani kwangu nimepaka kizingiti tangu siku ya kwanza. Nilidhani kila nyumba hufanya hivyo.

Jumamosi tulikiwahi Kilimia kabla hakijazama. Wao walihesabu sita, wawili wakasema saba. Mimi nilipata nne. Nimewaambia mwanga wa mji unaniumiza macho, ingawa tulisimama paa moja. Halafu ile njia ya kuangalia pembeni, kwao nyota inang'aa zaidi. Kwangu inapotea kabisa. Nikirudisha jicho ipo, nikilipeleka pembeni haipo. Nilirudia mara nyingi nikijifanya nawaonyesha jambo.

Nina wivu na saba zako. Hukunijibu ulikuwa unapima nini.

Mpwa wako.

24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Mkaza mjomba wako anasema radhi utaipata ukija na kitana cha pili. Mvua zimekwisha, watoto wa paka wamegawiwa kwa majirani watatu, na mimi nimeongezewa koti jipya la kazi ambalo mikono yake imekusudiwa mtu mrefu zaidi.

Kioo cha pembeni cha basi kimevunjika. Ni ile nguzo ya geti la kiwanda, wameijenga vibaya. Msimamizi wa magari anadai nguzo iko pale tangu kiwanda kijengwe. Tumeelewana kwamba hatutaelewana.

Kubwa linaloniudhi ni Kasuku. Ameomba kuhamia zamu ya mchana kuanzia mwezi wa saba, eti ana mjukuu wa kulea. Nimemwambia asiwe na haraka, mjukuu hakimbii. Amesema atafikiria. Nimemsihi afikirie vizuri.

Jana saa mbili nilikaa uani kama tulivyokubaliana. Kilimia kiko pale pale juu, nyota saba, mwezi wa nusu na kidogo kushoto kwake kama kawaida yao. Hao wanafunzi wako wanaopata sita waambie waje kwa mzee awafundishe.

Na wewe na nne zako, kunywa maji, pumzisha macho. Uchovu huo.

Mjomba wako.

8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Salamu nyingine nitaziandika siku nyingine.

Mwezi wa tano Kilimia hakipo. Kinakaa upande wa jua, kinatua nalo, na tarehe 23 Mei saa mbili usiku hakuna mtu popote aliyekiona. Na mwezi haukai kushoto kwa kitu kile kile kuanzia Februari hadi Mei. Huo ni mwezi wa tarehe 28 Januari, ule niliokufungia kwenye programu. Hukuwahi kubonyeza "sasa". Hukuwahi kutazama juu. Umekuwa ukiniandikia kilichoko kwenye kioo cha simu.

Barua yako niliwasomea wanafunzi wangu, nikijua watacheka, na walicheka. Nami nilicheka nao mpaka nilipofika kwa Kasuku. Hapo nilikunja karatasi, nikawaambia somo limekwisha.

Naogopa, mjomba. Tangu siku ile kila nikifumba macho naliona basi. Kwa hiyo nauliza mara moja tu, na unijibu kama ungemjibu mama. Jua likishazama, unaona nini? Nani mwingine anajua? Na Kasuku akiondoka mwezi wa saba, nani atawaendeshea hao watu thelathini na wawili?

Mpwa wako.

6 Julai

Mjomba,

Mwezi umepita. Nimepiga simu mara nane. Mara moja mkaza mjomba alipokea, akasema, "Mwandikie tu, mwanangu," akakata yeye.

Basi naandika. Jumamosi wanafunzi wangu walinifanyia jaribio bila kujua kwamba wananipima mimi. Nilisimama paani jua likiwa limezama tu, nikatazama mbele. Msichana mmoja alishika chaki nyeupe, akaizungusha taratibu kutoka nyuma ya sikio langu kuja mbele, nami niseme "naona" ikitokea. Wenzake wote walisema mkono ukiwa usawa wa bega. Mimi nilisema chaki ikiwa karibu na pua. Mtoto wa watu aliniangalia, akasema, "Mwalimu, usitanie." Nikamwambia sawa, sitatania.

Nimekumbuka ngazi alizoanguka mama. Mlisema zilikuwa na maji. Mimi nilifika nikiwa wa pili baada ya jirani, na soksi zangu hazikulowa. Ilikuwa saa moja kasoro jioni, taa ya ngazini ilikuwa imeungua, na mwenye nyumba alikuwa amemkataza kupaka chokaa kwa kuwa inachafua. Jambo hili nimelibeba miaka mitatu bila kujua nalibeba la nini.

Nimeandika barua nyingine. Anwani yake ni msimamizi wa magari, kiwanda cha chupa. Iko mezani, imefungwa. Kila nikitaka kuitoa nje nakuona ukiwa na koti lako lenye mikono mirefu, nairudisha. Usinilazimishe, mjomba.

Mpwa wako.

21 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Naandika dirishani mchana, kwa herufi kubwa, kwa hiyo karatasi zitakuwa nyingi na maneno machache.

Kasuku aliondoka tarehe mosi. Nilijiambia njia naijua. Na kweli naijua: tuta la shule, harufu ya kiwanda cha sabuni, kutoka pale unahesabu mpaka kumi na nne halafu unakata kona ya daraja. Siku kumi nilikwenda hivyo. Kwangu mimi jua likizama barabara inafungwa kama pazia, inabaki tundu moja dogo mbele, na taa za magari mengine ndani yake. Imekuwa hivyo miaka mingi. Tundu ndilo linalozidi kupungua.

Tarehe 11 nilifika tisa, mtu nyuma akaniuliza kama nitasimama dukani. Nikamjibu. Nikapoteza hesabu. Sikujua kama ni kumi au kumi na tatu, na mbele yangu hakukuwa na kitu, mpwa wangu, hakukuwa na chochote. Nikakanyaga breki. Basi zima likarushwa mbele. Mama mmoja alishuka akamulika kwa simu, nikamsikia akisema taratibu, "Jamani." Gurudumu la mbele lilikuwa hatua mbili kutoka ukingo wa mto.

Unajua walifanya nini? Walinishukuru. Walinipigia makofi mle ndani kwa kuwahi breki. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, nikasema injini imezima, tumsubiri dereva mwingine.

Kesho yake nilimpa msimamizi ufunguo. Nimemwambia ni mgongo. Amenipa wiki sita za kupumzika, kisha nirudi.

Sasa la mama yako. Tulipokuwa wadogo nilikuwa silali bila yeye kunihesabia Kilimia. Alikuwa akisema saba, nami nasema saba. Sikuwahi kuona hata mbili. Macho yake yalianza kufifia baadaye kuliko yangu, na baba yetu kabla yetu sote. Chokaa ni ya baba. Tulikubaliana usiambiwe. Alisema ukijua utaanza kuogopa giza kabla giza halijafika kwako. Ngazi zilikuwa kavu. Mimi ndiye niliyesema zilikuwa na maji.

Nakuomba kitu kimoja tu. Ile barua ichane. Mgongo ni ugonjwa wa dereva. Macho yakitajwa, sitakuwa dereva tena, na zaidi ya hapo sijui mimi ni nani. Wiki sita ni nyingi, pengine zitanisaidia.

Mjomba wako.

9 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Msalimie sana mkaza mjomba, mwambie simlaumu.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena. Nilipofika kwenye makofi nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Ile barua siwezi kuichana. Niliituma tarehe 18, siku tatu kabla hujaandika yako. Ulimwambia mgongo. Mimi nimemwandikia macho, na Kasuku, na nguzo ya geti, na jina langu chini. Akikuita ofisini, ujue ni mimi, usimtafute mwingine. Ukiamua kutoniandikia tena nitaelewa, ila nitaendelea kukuandikia wewe, maana sina mwingine. Na wiki sita hazikusaidii kitu, mjomba. Zingekurudisha kwenye ile kona, mwezi wa nane, na hesabu yako.

Kilimia kimerudi. Siku hizi huchomoza kabla ya alfajiri. Jana saa kumi na moja nilipanda paani peke yangu, kiganja ukutani, hatua kwa hatua. Nilikaa dakika ishirini gizani. Simu nyekundu, programu kwenye "sasa". Ilinionyesha mahali pake sawasawa. Nimehesabu tatu. Mwezi wa nne zilikuwa nne.

Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nina miaka thelathini na moja. Naogopa ngazi, naogopa jioni, naangalia saa kuanzia saa tisa. Mama alikosea: kutokujua hakukunikinga na kitu, kulinifanya tu niogope peke yangu.

Hospitali ya macho wamenipa tarehe 14 Septemba. Wamesema nikiwa na ndugu mwenye hali hiyo nije naye, itawasaidia kujua ni nini. Nami sitaki kulisikia jina la ugonjwa huo peke yangu. Njoo. Na ukinijibu, tafadhali usiniandikie saba.

Mpwa wako.

30 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilikukasirikia siku nne. Siku ya tano mkaza mjomba wako aliniambia miaka yote hii amekuwa akijifanya usingizini alfajiri, akisikiliza mpaka basi lirudi, na siku zote amekuwa akingoja mtu mwingine aseme.

Msimamizi aliniita. Aliniuliza kama yaliyoandikwa ni kweli. Nilikuwa na maneno ya mgongo tayari mdomoni, nikayameza. Nikasema kweli. Hakunifokea. Aliniuliza kuhusu tarehe 11, na nilipomaliza kumweleza, alitoka nje kidogo, akarudi uso umemvimba. Mdogo wake wa kike alikuwa humo ndani. Nilidhani nikishasema nitapungukiwa na woga. Sikupungukiwa. Sasa nawaogopea wote kwa pamoja, siku zile zote ambazo hakuna kilichotokea.

Wameniweka stoo, mchana, nahesabu kreti. Kasuku akipita hunitania kwamba sasa njia ya kreti sihitaji kusomewa.

Leo saa kumi na moja alfajiri tulitoka uani, mimi na mke wangu. Yeye alishika simu. Nilimwambia abonyeze "sasa". Tulikaa zile dakika ishirini zako, baridi ilikuwa kali. Kisha akageuza kichwa changu kwa mikono yake mpaka nikaelekea panapotakiwa. Akahesabu kwa sauti, akafika sita.

Mimi sikuona hata moja. Naandika hivyo kwa mkono wangu, ili tusirudi tena kwenye saba.

Tarehe 13 nitapanda basi la asubuhi. Nimeuliza mara mbili kama litafika kabla jua halijazama, wamesema litafika, lakini mabasi nayajua. Likichelewa, simama mlangoni pale pale ninaposhukia. Unishike mkono, nami nitaushika wako, na safari hii tusijifanye tunatania.

Mjomba wako.